Uchovu Usioonekana kwenye Hadubini

Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Kijerumani magharibi mwa Ziwa Victoria walimtafuta mgonjwa wa malale kwa vidole. Katika kambi ya Kigarama, Kiziba, walipapasa tezi za shingo, wakazichoma sindano, wakachungulia majimaji yake kwenye hadubini. Mtu aliyesinzia mchana na kuishiwa nguvu alikuwa na kimelea cha kuonyeshwa.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Watu walikonda na kulegea hadi jembe likawashinda, na kabla vipimo havijaenea tabibu alitegemea macho yake na maelezo ya mgonjwa. Utafiti wa 1987 ulikuta maambukizi ya asilimia 24.2 ya watu wazima mjini Bukoba na 4.5 Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Kyerwa ndani yake; Kyerwa ikawa wilaya 2012.

Msiba ule ulitufundisha kupima, na ni haki. Anayelalamika uchovu leo apimwe VVU, malaria, kifua kikuu, wingi wa damu, minyoo. Mfugaji aulizwe pia kuhusu bruselosi, inayotoka kwa ng'ombe na maziwa mabichi.

Lakini majibu yote yakirudi safi? Hapo ndipo wengi huambiwa hawaumwi. Hata London ilikuwa hivyo: mwaka 1955 watumishi zaidi ya 200 wa hospitali ya Royal Free waliugua, na mwaka 1970 madaktari wawili wa akili wakaandika kuwa ilikuwa histeria ya kundi, iliyoenea kutoka mtu hadi mtu. Hali ya namna hiyo ilipewa rasmi jina la ugonjwa wa uchovu sugu Marekani 1988. Hadi sasa ugonjwa huu hauna kipimo cha maabara. Unatambuliwa kwa maswali. Uchovu umedumu miezi sita? Usingizi hauburudishi? Akili inakuwa nzito, au kusimama kunaleta kizunguzungu? Na lile ninaloliona kuu: ukipalilia leo, kesho na keshokutwa unakuwaje? Mgonjwa huyu huanguka baada ya kazi ndogo, pengine siku moja au mbili baadaye.

Mwaka 2021 mwongozo wa tiba wa Uingereza uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa hawa. Kwa mkulima wa kahawa wa Kyerwa mwenye ugonjwa huu hilo ni jambo zito. Akihimizwa ajikaze shambani anaweza kuzidiwa, na wanaomhimiza mara nyingi ni ndugu zake wanaompenda. Wangemsikiliza tabibu aliyeandika jina la ugonjwa kwenye daftari la kliniki la mgonjwa.