Reli, Umbali na Mapenzi ya Ujana: Kisumu katika Coming to Birth

Utengano wa wapenzi vijana ni dhamira kongwe katika fasihi ya ulimwengu. Aghalabu wahakiki huichukulia kama suala la moyo tu: nani alivumilia na nani alisahau. Makala hii inadai kwamba katika fasihi ya ukanda wa Ziwa Viktoria umbali wenyewe una historia, na historia hiyo ndiyo inayoamua hatima ya mapenzi.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, iliyoitwa wakati huo Port Florence, mwaka 1901. Serikali ya kikoloni ilidai kodi, na fedha za kuilipa zilipatikana kwa kazi za mbali. Vijana wengi wa Nyanza walipanda gari la moshi kwenda Nairobi, ambako makao mengi ya wafanyakazi Waafrika yalijengwa kana kwamba mfanyakazi hana mke wala mtoto. Mke alibaki nyumbani akilima.

Riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), inaanzia katika mazingira hayo. Mwaka 1956, Hali ya Hatari ingali inaendelea, Paulina mwenye umri wa miaka 16 anawasili Nairobi kwa gari la moshi kumfuata mumewe, Martin, mwenye miaka 23. Mimba inaharibika, kipigo kinafuata, na baadaye Paulina anarudi Nyanza.

Kijuujuu, kurudi huko ni kushindwa kwa mapenzi. Hata hivyo, ni katika utengano huo ndipo Paulina anapojifunza maarifa ya nyumbani, anapopata kazi na kupokea mshahara wake mwenyewe. Wala Kisumu si kimbilio salama. Mwanawe Okeyo, aliyezaliwa nje ya ndoa, anauawa katika ufyatuaji risasi wa Oktoba 1969, Jomo Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali mjini humo, miezi michache baada ya kuuawa kwa Tom Mboya.

Ulinganisho na filamu ya katuni ya Mjapani Makoto Shinkai, 5 Centimeters per Second (2007), unafaa hapa. Humo pia kuna gari la moshi: Takaki anasafiri kumwona Akari huku theluji ikimchelewesha kwa saa nyingi. Lakini umbali wa Shinkai unafanana na majira ya mwaka. Haumlaumu mtu, na Takaki anakua akiwa mfungwa wa kumbukumbu. Umbali wa Macgoye ulitengenezwa na watu kwa kodi, ajira na makazi, na kwa hiyo unaweza kupingwa.

Ndiyo maana Paulina na Martin wanaporudiana, enzi ya Kenyatta ikikaribia mwisho wake, msomaji hakutani tena na wapenzi wa 1956. Aliyeshuka stesheni akiwa mke wa kuongozwa sasa anajitegemea. Kilichowarudisha pamoja si subira ya mwanamke, sifa inayotukuzwa mno katika masimulizi ya utengano, bali usawa ambao ndoa yao haikuanza nao.