Utando, si Kiwambo

Nimesoma tafsiri ya mada ya seli shina za neva, iliyopitishwa na jopo ambalo sitalitaja, na kila ukurasa unasema "kiwambo cha seli". Napinga neno hilo, tena kwa dhati.

Kiwambo kimetokana na kuwamba. Huwambwa ngoma, huwambwa kitanda: ngozi au kamba huvutwa mpaka ikakaza, kisha hufungwa isiende popote. Utando umetokana na kutanda, kitenzi cha mawingu na ukungu. Kinachotanda huenea, hukusanyika, huondoka. Huku Mau Narok hatuhitaji kamusi kulielewa neno hili: maziwa yakichemka na kupoa, utando wake ukiguswa kwa kijiko hujikunja na kusogea upande mmoja.

Na ndivyo seli ifanyavyo. Mwaka 2021 Bryce LaFoya na Kenneth Prehoda wa Chuo Kikuu cha Oregon walionyesha kwamba neuroblasti (seli shina ya neva) ya inzi wa matunda inapojiandaa kugawanyika, mikunjo ya utando wake husogea kuelekea ncha ya juu ikivutwa na nyuzi za aktini, na protini za Par hujikusanya huko huko. Nyuzi hizo zikivurugwa, mkusanyiko huo hauwezekani. Protini za Numb na Miranda nazo hushika lipidi za utando zenye chaji hasi. Kimeng'enya aPKC, kilichoko juu, huzibandika fosfati zikaachia, zikabaki upande wa chini tu. Hivyo seli ikigawanyika, ya juu hubaki shina, na nduguye wa chini, anayerithi protini hizo, hushika njia ya kuzaa seli za neva. Urithi wa seli hizo mbili unatofautiana kwa sababu utando una juu na chini, na lipidi zake zinasogea. Ngozi iliyowambwa ingefanyaje kazi hiyo?

Watetezi wa kiwambo husema wingi wake ni mwepesi: viwambo. Hoja dhaifu mno hiyo! Wingi wa utando ni tando, na mtoto wa shule ya msingi anaujua. Afadhali hata wanaoandika "membreni", maana neno lao halimpi msomaji picha ya uongo. Hao wa jopo walikuwa na kitenzi hai mkononi, wakakiacha.

Tuandike basi: utando wa seli, lipidi za utando, tando za neuroblasti. Kiwambo kibaki cha sikio, ambako kweli kimewambwa.