Injini za Kupachika katika Bonde la Pangani: Historia ya Umeme Wake na Mafundi Wake

Ndungu, kata iliyo chini ya milima ya Upare Kusini wilayani Same, hujulikana kwa mpunga kuliko kwa vyombo vya majini. Mto Yongoma unaoshuka kutoka milimani hulisha skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada wa Japani kuelekea mwisho wa miaka ya 1980. Maji yake hutiririkia mto Mkomazi, wenye bwawa la Kalemawe, nao Mkomazi huungana na Pangani kabla ya kufika Bahari ya Hindi. Mkulima wa Ndungu na mvuvi wa mlangoni mwa Pangani ni watu wa bonde moja la maji, ingawa katika historia ya injini za boti wamekaa mbalimbali mno: Kalemawe ni bwawa dogo ambalo mtumbwi wa kafi na pondo unalitosheleza, ilhali mvuvi wa Pangani hukabiliana na mkondo, maji kupwa na pepo za msimu. Upande wa pili wa milima lipo Nyumba ya Mungu, bwawa kubwa lililojengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji, ambalo wavuvi walilihamia kwa wingi mara lilipojaa.

Injini ya kupachika, ambayo wavuvi wa pwani huiita mashine tu, ni injini kamili yenye mtambo wa moto, shafti na propela katika kipande kimoja kinachofungwa kwenye tezi ya chombo na kufunguliwa safari ikiisha. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, aliifanya biashara ya kweli kuanzia mwaka 1909 mjini Milwaukee, na kutoka mwaka 1931 Waingereza wakawa na British Seagull, mashine nyepesi isiyo na madoido. Mashine hizo za mwanzo hazikuhitaji betri, kwa kuwa zilitumia magneto, yaani gurudumu zito lenye sumaku ambalo likizungushwa kwa kamba huzalisha umeme ndani ya koili. Platini, ambazo ni ncha mbili za chuma zinazogusana na kuachana, huukata umeme huo kwa wakati wake, na cheche huruka kwenye plagi. Anayejua vipande hivyo vichache huweza kuufuata umeme kuanzia sumaku hadi cheche bila kifaa chochote cha kupimia: huifungua plagi, huilaza juu ya chuma cha injini, huvuta kamba na kutazama. Cheche ya buluu yenye nguvu humwelekeza kwenye mafuta. Cheche hafifu ya njano humrudisha kwenye platini zilizochafuka, kondensa iliyokufa au koili iliyoingiwa na unyevu.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili, nguvu ya injini ilipopanda hata kuvuta kamba kukawa kazi ngumu. Katika miaka ya 1950 stata ya umeme ilienea kwenye mashine kubwa, ikaja na betri ya volti 12, swichi, fyuzi na nyaya ndefu. Katika miaka ya 1970 platini zilianza kuachia nafasi kwa kisanduku cha kielektroniki kilichozibwa kwa plastiki ngumu, ambacho hakichakai kama platini lakini kikifa hakifunguliki. Wakati huohuo ukaenea mtambo wa kubadili mwinamo wa injini kwa kubonyeza kitufe. Awali mwinamo, ambao ni pembe kati ya shafti ya injini na tezi, uliwekwa kwa pini ya chuma iliyopitishwa katika tundu mojawapo la mabano. Sasa mota ndogo ya umeme iliendesha pampu ya mafuta, na shinikizo la mafuta hayo likasukuma silinda zilizoinua au kushusha injini. Mwinamo ukizidi, omo hupanda na kudunda juu ya mawimbi. Ukipungua, omo hujichimbia majini na mafuta huteketea bure.

Kila starehe iliyoongezwa ilileta hitilafu zake, na hili ndilo jambo ambalo historia ya mashine hizi imelizungumzia kidogo kuliko linavyostahili. Mtambo wa mwinamo wa mashine iliyokwisha kutumika miaka 20 au 30 unapokataa kuiinua, chanzo mara nyingi si mota yenyewe bali njia ya umeme kuifikia. Maji ya chumvi hupenya chini ya ganda la waya, yakaugeuza ujiti wa shaba kuwa unga wa kijani, huku waya ukionekana mzima kwa nje. Fundi makini huanza na ncha za betri na waya wa hasi unaofungwa kwenye mwili wa injini, kisha husikiliza rilei, swichi ndogo zinazoendeshwa na sumaku ya umeme, moja ya kupandisha na nyingine ya kushusha. Rilei ikilia na mota ikakaa kimya, hupima kama volti zinafika kwenye mota; ikiwa injini inashuka lakini haipandi, katika mitambo ambayo rilei zake zinafanana huzibadilisha nafasi, na hitilafu ikihamia upande wa pili rilei mbovu imejulikana. Mota ikizunguka bila injini kuinuka, lawama huhamia kwenye mafuta yaliyopungua, sili iliyochanika au skrubu ya kuachia shinikizo ambayo mtu aliilegeza akasahau kuikaza. Skrubu hiyo iliwekwa kwa busara kubwa, kwani ndiyo inayomwezesha baharia aliyeishiwa umeme kuinua mashine kwa mikono kabla ya kupanda mwambani.

Mafundi wa Afrika Mashariki waliupima mtindo huo mpya kwa kigezo cha vipuri na gharama, na katika boti nyingi za uvuvi uamuzi ukaelemea upande wa wepesi. Yamaha, iliyotoa injini yake ya kwanza ya kupachika mwaka 1960, iliendelea kutengeneza mfululizo wa Enduro kwa ajili ya nchi ambazo karakana ziko mbali, ukiwa na mashine za kuvuta kwa kamba na za mwinamo wa pini, pamoja na aina za kutumia mafuta ya taa. Marekani, kwa upande wake, ilipoanza mwaka 1998 kukaza hatua kwa hatua masharti ya moshi, injini za zamani zinazochoma mafuta mchanganyiko zilipoteza nafasi katika soko lake la mashine mpya, lakini katika Ziwa Viktoria na pwani ziliendelea kutafutwa. Pale mashine yenye vitufe inapoingia mikononi mwa mvuvi na mtambo wa mwinamo ukafa, fundi huweza kuifunga injini katika pembe moja kwa kipande cha chuma, akaondoa pampu, na pale muundo unaporuhusu akarudisha kamba. Kuuita ufundi huo ubabaishaji ni kutouelewa, maana huhitaji ujuzi wa mashine unaotosha kutenganisha kilicho cha lazima na kisichokuwa cha lazima.

Elimu rasmi ya kazi hii ilipata makao katika vyuo vya uvuvi, hasa Mbegani karibu na Bagamoyo, kilichoendelezwa kwa msaada wa Norwei, na Nyegezi jijini Mwanza, ambavyo vyote sasa vimo chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Hata hivyo sehemu kubwa ya ujuzi imepitia karakana za pembeni mwa diko, kijana akimshikia fundi spana hadi masikio yake yatambue mlio wa rilei. Njia hiyo ya kurithishana si ngeni katika milima ya Upare, ambako Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno, walifua majembe na silaha za chuma na kukabidhiana kazi kwa vizazi kabla ya ukoloni. Bonde la Mkomazi halikupata sababu ya kuwa na fundi wa boti, lakini pampu za maji na pikipiki zinazotumika humo zina magneto, koili na plagi za asili moja na zile za mashine ya Pangani, na anayezitengeneza hutafuta cheche kwa namna ileile, akiilaza plagi juu ya chuma na kuvuta kamba au kupiga kiki.