Mkaja, Kliniki na Mzigo: Historia ya Matunzo ya Misuli ya Tumbo la Mjamzito katika Kariakoo, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mjamzito asiye na kizuizi cha kiafya afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki, yakiwamo ya kuimarisha misuli. Hata hivyo, mwanamke wa Kariakoo anayenyanyua dumu la maji la lita 20, lenye uzito wa takriban kilo 20, kisha akainama kukuna nazi na kufagia ua, huwa ameitumikisha misuli ya tumbo lake kabla jua halijapanda. Kwake yeye, swali la usalama si namna ya kuanza mazoezi pekee, bali pia ni nani atakayempunguzia mzigo.

Makala haya yanachunguza namna swali hilo lilivyojibiwa katika Kariakoo na maeneo jirani tangu mwisho wa karne ya 19. Hoja kuu ni kwamba maarifa kuhusu tumbo la mjamzito yameongezeka sana katika kipindi hicho, lakini mamlaka ya kijamii ya kumpumzisha mwanamke na kubeba gharama ya mapumziko yake yamepungua.

2.0 Mkaja na siku arobaini

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya lugha yenyewe. Neno mkaja lina maana mbili zinazohusiana. Kwanza, ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Pili, ni sehemu ya malipo ya ndoa anayopewa mama wa bibi harusi. Uhusiano wa maana hizo unaonesha kwamba jamii ilitambua deni: tumbo lililobeba mimba lilikuwa limefanya kazi, na kazi hiyo ilistahili kulipwa hadharani siku binti alipoolewa. Ubeleko, yaani nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, nao uliingia katika orodha hiyo ya malipo.

Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kutokana hasa na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaanza na habari za uzazi. Mpangilio huo unaafikiana na nafasi ya mkunga na ya siku arobaini katika maisha ya miji ya mwambao. Katika siku hizo mzazi hukaa ndani, hukandwa kwa maji ya moto na hufungwa tumbo, huku wanawake wengine wakishika kazi zake.

Kwa mtazamo wa tiba ya leo, mkaja hulishikilia tumbo kwa nje, lakini haurudishi nguvu ya msuli. Misuli miwili mirefu ya mbele huachana kadiri mji wa mimba unavyokua, kwa kuwa ukanda wa nyuzi unaoiunganisha katikati hutanuka. Katika wiki za mwisho hali hii huwapata karibu wajawazito wote. Kwa wengi hupungua baada ya kujifungua, na kwa baadhi hudumu kwa miezi mingi. Manufaa makubwa ya mkaja yalikuwa katika agizo lililoambatana nao: mzazi asinyanyue vizito.

Agizo hilo halikuwafikia wote kwa usawa. Utumwa uliharamishwa Tanganyika mwaka 1922 tu, na mtumwa hakuwa na uhakika wa kuachiwa siku arobaini. Aidha, desturi ililinda zaidi kipindi cha baada ya kuzaa kuliko miezi ya ujauzito.

3.0 Kiuno cha ngoma na kiuno cha hospitali

Kariakoo ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi, kilichopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916. Wazaramo wa maeneo ya jirani walichangia pakubwa utamaduni wa wanawake wa mji huu. Marja-Liisa Swantz, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1970, alieleza mila za Wazaramo za kumtoa mwali. Katika unyago wa mwambao kwa jumla, kungwi humfunza mwali kukata kiuno, mwendo unaotumia misuli ya tumbo, mgongo na nyonga. Haiwezekani kudai kwamba ngoma hiyo ilibuniwa kuwa mazoezi ya uzazi. Inatosha kusema kwamba iliwapa wanawake uwezo wa kuutawala mwendo wa nyonga, na kwamba somo hilo lilikuwa na mwalimu anayeheshimika.

Ulinganisho na London unaeleza zaidi. Katika miaka ya 1930 Minnie Randell wa Hospitali ya St Thomas' alishirikiana na mcheza dansi Margaret Morris kuandaa mazoezi ya wajawazito na wazazi. Huko, dansi iliingia wodini. Dar es Salaam ilikuwa na hospitali zilizotenga watu kwa rangi: ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu, na ya Sewa Haji ilihudumia Waafrika na Waasia. Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baadaye iliitwa Muhimbili, ilifunguliwa mwaka 1956. Katika mpangilio huo kungwi alibaki nje ya mlango.

4.0 Kliniki na sheria

Huduma za mama na mtoto zilizopanuliwa katika miaka ya 1970 ziliokoa maisha kwa kupima shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo na kimo cha mji wa mimba. Vipimo hivyo vinamhusu mama na mtoto, lakini havipimi kazi anayoifanya mama nyumbani na sokoni.

Ushauri wa kitaalamu wenyewe ulibadilika. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliwataka wajawazito wasivuke mapigo 140 ya moyo kwa dakika. Mwaka 1994 kikomo hicho kiliondolewa. Leo mjamzito hushauriwa kuepuka kulala chali kwa muda mrefu, hasa katika nusu ya pili ya ujauzito, kwa kuwa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Badala ya kujiinua kutoka chali, anaweza kupiga magoti na kuweka mikono chini, kisha kuvuta tumbo ndani kwa upole bila kuzuia pumzi. Vilevile anaweza kukaza misuli ya sakafu ya nyonga. Akitokwa damu au maji, akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au uchungu, aache mara moja na aende hospitali. Mwenye upungufu mkubwa wa damu au kifafa cha mimba anahitaji uamuzi wa daktari kabla ya zoezi lolote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Hata hivyo, mama lishe na mchuuzi anayejitegemea pembezoni mwa soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 hawana mwajiri. Hakuna anayekatazwa kuwatwisha, kwa sababu wanajitwisha wenyewe.

5.0 Hitimisho

Historia ya Kariakoo inaonesha njia tatu za kulitunza tumbo la mjamzito. Desturi ilitoa mapumziko yenye walezi, japo kwa upendeleo na bila vipimo. Kliniki ilileta vipimo na ushauri, lakini ikamwachia mwanamke peke yake jukumu la kuutekeleza. Sheria ilileta haki, lakini kwa mwajiriwa pekee. Ushauri wa mazoezi salama utakuwa na maana kamili Kariakoo pale muuguzi atakapomuuliza mjamzito, pamoja na tarehe ya hedhi yake ya mwisho, anabeba nini kila siku na nani anaweza kumpokea. Mkaja ulikuwa na jibu la swali hilo la pili, na jibu hilo halijapatiwa mbadala.