Nikko Kanaya: hoteli iliyoanzia sebuleni kwa mpiga muziki wa hekalu

Kabla ya kuwa hoteli, Nikko Kanaya ilikuwa nyumba ya familia. Mwenye nyumba, Kanaya Zenichiro, alikuwa mpiga muziki wa ibada katika Toshogu, hekalu la Kishinto mjini Nikko, milimani kaskazini mwa Tokyo, alikozikwa Tokugawa Ieyasu, shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, aliyefariki mwaka 1616. Ukoo wa Tokugawa ulilitunza hekalu hilo kwa zaidi ya miaka 200. Utawala wao ulipoanguka mwaka 1868, ufadhili ukakatika na watumishi wa hekalu wakaanza kuhangaikia riziki.

Ni katika miaka hiyo ya dhiki ndipo alipofika James Curtis Hepburn, daktari na mmisionari wa Kimarekani aliyetunga kamusi ya Kijapani na Kiingereza ya mwaka 1867. Wakati ule mgeni wa Magharibi hakuruhusiwa kwenda mbali na miji ya bandari bila kibali, na hata akiwa nacho, kupata pa kulala kulikuwa shida. Kanaya akamkaribisha kwake. Hepburn naye akamshauri afungulie wageni wengine mlango, na mwaka 1873 Kanaya akaanza kupangisha vyumba.

Miaka mitano baadaye alipanga hapo Isabella Bird, msafiri kutoka Uingereza. Katika barua zake anakisifu chumba alichopewa, kisha anakiri kwamba usafi wake ulimtia wasiwasi: aliogopa kumwaga wino, kubonyeza mikeka, au kutoboa karatasi za madirishani. Kwangu mimi, barua hizo zina thamani kuliko orodha yote ya wakubwa waliofuata, Albert Einstein akiwamo, kwa kuwa zinatuonyesha nyumba ya watu ikijifunza kuwa hoteli.

Reli ilifika Nikko mwaka 1890, na mwaka 1893 Kanaya akahamia jengo kubwa la mtindo wa Kimagharibi, kilimani karibu na Shinkyo, daraja jekundu la kuendea mahekalu. Hata hivyo, hakuliacha hekalu nyuma. Ukiingia ukumbi wa chakula, tazama vichwa vya nguzo: maua ya mbao yaliyochongwa na kutiwa rangi, kwa ladha ileile ya mafundi wa Toshogu. Mgeni anakula kwa kisu na uma chini ya nakshi za mahali patakatifu. Hoteli nyingi za enzi hizo ziliiga Ulaya mpaka zikasahau zilipojengwa; hii haikusahau.

Mahekalu ya Nikko, ya Kishinto na ya Kibudha, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1999. Nyumba ya kwanza ya Kanaya nayo bado imesimama, na sasa ni makumbusho. Ukijaliwa kufika, anzia hapo, ukanyage mikeka aliyoihofia Bird, kisha ndipo upande kilimani hotelini.