Futiboli ya Marekani kwa timu za taifa: Kutoka Palermo 1999 hadi Olimpiki ya 2028

Futiboli ya Marekani ni mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, ambapo timu mbili hushindana kuusogeza mpira hatua kwa hatua hadi eneo la mwisho la mpinzani. Watanzania wengi wameufahamu kupitia televisheni na filamu, hivyo kuuona kuwa ni mchezo wa ndani wa taifa moja tajiri. Hata hivyo, timu za taifa zimekuwa zikishindana katika mashindano ya dunia ya mchezo huo tangu mwaka 1999, na mwaka 2028 aina yake nyepesi, inayojulikana kama futiboli ya bendera, itachezwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Los Angeles.

Makala haya yanaeleza historia ya mashindano hayo, sababu zilizoyafanya yakwame mara kwa mara, na mambo ambayo shule au klabu katika kata kama Majengo, Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, inapaswa kuyafahamu kabla ya kuuanzisha mchezo huo.

Mchezo wa asili na mahitaji yake

Katika mchezo wa asili kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, sawa na takribani mita 9. Ikifaulu hupewa nafasi nne nyingine, na ikishindwa mpira huenda kwa mpinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho huleta pointi 6.

Beki huruhusiwa kumkaba na kumwangusha mchezaji mwenye mpira. Kwa sababu hiyo kila mchezaji huhitaji kofia ngumu yenye wavu wa kukinga uso, vikinga vya mabega na vifaa vingine vya kulinda mwili. Hata vikiwapo, majeraha ya ubongo yatokanayo na kugongana vichwa yamekuwa suala zito la kitabibu na kisheria nchini Marekani.

Mashindano ya dunia

Shirikisho la Kimataifa la Futiboli ya Marekani (IFAF) lilianzishwa mwaka 1998. Mwaka uliofuata mashindano ya kwanza ya dunia ya wanaume yalifanyika Palermo, Italia, ambapo Japani iliifunga Mexico 6–0 katika fainali iliyoamuliwa katika muda wa nyongeza. Japani ilitetea taji lake nchini Ujerumani mwaka 2003 kwa kuifunga tena Mexico, safari hii 34–14.

Marekani, nchi ulikozaliwa mchezo huo, haikupeleka timu katika mashindano hayo mawili. Iliingia kwa mara ya kwanza mwaka 2007 mjini Kawasaki, Japani, na kuwashinda wenyeji 23–20 baada ya muda wa nyongeza. Ilitwaa tena ubingwa nchini Austria mwaka 2011 kwa kuifunga Kanada 50–7, kisha mjini Canton, Ohio, mwaka 2015 kwa kuifunga Japani 59–12.

Mashindano ya dunia ya wanawake yalianza mwaka 2010 nchini Sweden, yakafuatiwa na ya mwaka 2013 nchini Finland, 2017 nchini Kanada na 2022 tena nchini Finland. Marekani imeshinda yote manne.

Gharama ilivyovuruga kalenda

Mashindano ya mwaka 2015 yalikuwa yafanyike Stockholm, Sweden. Waandaaji walijiondoa baada ya kukosa fedha za kutosha, na ndipo yakahamishiwa Canton, ambako zilifika timu saba tu. Mashindano yaliyopangwa kufanyika Australia mwaka 2019 yaliahirishwa, na mwaka 2023 nao ukapita bila bingwa mpya wa wanaume kupatikana.

Chanzo cha hali hiyo si kigumu kukiona. Timu moja ya taifa husafiri na wachezaji wapatao 45, pamoja na makocha, madaktari na shehena ya vifaa. Kwa sababu ya uzito wa mchezo, wachezaji huhitaji siku kadhaa za kupumzika kati ya mechi moja na nyingine, jambo linaloongeza gharama za malazi. Nchi ambayo serikali au wafadhili wake hawawezi kubeba mzigo huo hutolewa mashindanoni kabla ya filimbi ya kwanza kupulizwa.

Afrika na Afrika Mashariki

Afrika imeonja hali hiyo. Desemba 2014 timu za taifa za Misri na Morocco zilikutana mjini Cairo katika mchezo wa kufuzu mashindano ya dunia, na Morocco ikashinda. Hata hivyo, miongoni mwa timu saba zilizocheza Canton miezi michache baadaye, hakukuwa na hata moja ya Afrika.

Kwa Afrika Mashariki, njia iliyokuwapo ilikuwa ya mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2013 Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya, alijiunga na Indianapolis Colts na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya kulipwa ya Marekani (NFL). Aprili 2023 ligi hiyo ilifanya kambi mjini Nairobi kutafuta vijana wenye vipaji. Njia ya aina hiyo inaweza kubadili maisha ya kijana mmoja, lakini haiundi timu ya taifa.

Futiboli ya bendera

Mabadiliko makubwa yameletwa na futiboli ya bendera. Katika mchezo huu kila timu huwa na wachezaji watano uwanjani. Kila mchezaji hufunga mkanda kiunoni wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia. Badala ya kumwangusha mwenye mpira, beki huchomoa kitambaa kimoja, na mchezo husimama pale pale. Kusukumana, kuzuiana kwa mwili na kuangushana ni makosa, hivyo kofia ngumu na vikinga vya mabega havihitajiki.

Mechi huchezwa kwa vipindi viwili vya dakika 20. Timu hupewa nafasi nne za kuvuka mstari wa katikati, kisha nafasi nne za kufunga. Uwanja una urefu wa yadi 70 pamoja na maeneo ya mwisho, na upana wa yadi 25, yaani takribani mita 64 kwa 23. Uwanja mmoja wa soka wenye vipimo kamili unatosha kuchorwa viwanja viwili vya mchezo huu na nafasi ikabaki.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya futiboli ya bendera yalifanyika Austria mwaka 2002. Yale ya mwaka 2024 mjini Lahti, Finland, yalihudhuriwa na timu 32 za wanaume na 23 za wanawake. Ikilinganishwa na timu saba za Canton, tofauti hiyo inaonesha jinsi kupungua kwa gharama kulivyofungua mlango.

Ushindani nao umepanuka. Katika Michezo ya Dunia ya mwaka 2022 mjini Birmingham, Alabama, wanawake wa Mexico waliifunga Marekani 39–6 katika fainali, tena kwenye ardhi ya Marekani. Mjini Lahti, Austria, nchi yenye watu wapatao milioni 9, ilifika fainali ya wanaume kabla ya kufungwa na Marekani. Tanzania, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni 61.

Olimpiki ya Los Angeles

Oktoba 2023, katika kikao chake cha Mumbai, India, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) iliidhinisha futiboli ya bendera kuingia katika Michezo ya mwaka 2028. Zitashiriki timu sita za wanaume na sita za wanawake, kila moja ikiwa na wachezaji 10. Mei 2025 wamiliki wa timu za NFL waliridhia wachezaji wao kuruhusiwa kushiriki.

Los Angeles ina historia na mchezo huu. Katika Olimpiki ya mwaka 1932 futiboli ya Marekani ilioneshwa huko kama mchezo wa maonesho, lakini waliocheza walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani pande zote mbili. Mwaka 2028 mataifa yatacheza dhidi ya mataifa.

Nafasi sita kwa dunia nzima ni chache, na barani Afrika zitagombewa na nchi zilizokwisha kuanza maandalizi. Misri iliandaa mashindano ya Afrika ya mchezo huo mjini Cairo mwaka 2025. Kwa nchi inayoanza, lengo lenye uhalisia ni kujenga msingi kwa ajili ya mashindano yatakayofuata.

Kutoka uwanja wa kata hadi timu ya taifa

Kwa shule au kikundi cha vijana katika Kata ya Majengo, mahitaji ya kuanzia ni mpira mmoja, mikanda 10 yenye vitambaa, chokaa ya kuchorea mistari na mwalimu aliyejifunza sheria. Mikanda inaweza kushonwa na fundi cherehani wa mtaani kwa mazoezi, ilimradi kitambaa kichomoke kwa urahisi bila kumvuta mchezaji. Wavulana na wasichana wanaweza kujifunza katika uwanja uleule unaotumika kwa soka na netiboli, kwa kupangiana zamu.

Hatua ya pili ni usajili. Nchini Tanzania michezo husimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na vilabu na vyama vya michezo husajiliwa na Msajili chini ya sheria hiyo. Kikundi kinachotaka kusajiliwa huanzia kwa afisa anayeshughulikia michezo katika halmashauri yake, kikiwa na katiba na orodha ya viongozi na wanachama.

Hatua hiyo haipaswi kupuuzwa. Kipaji cha kijana hakitoshi kumfikisha mashindanoni kwa jina la nchi: timu ya taifa huingia mashindano ya kimataifa kupitia chama cha kitaifa kinachotambuliwa ndani ya nchi na kwenye shirikisho la dunia. Chama hicho nacho hujengwa na vilabu vilivyosajiliwa mikoani.