WordPress
WordPress ni programu huria ya kuendeshea tovuti na kuchapisha maandishi kwenye intaneti. Ilitolewa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, walioiendeleza kutoka b2/cafelog, programu ya Mfaransa Michel Valdrighi.

Imeandikwa kwa lugha ya PHP, na makala hutunzwa katika hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Msomaji anapofungua ukurasa, seva huchota maandishi, huyapanga kufuata mandhari iliyochaguliwa, kisha hutuma HTML kwenye kivinjari. Hivyo mwandishi huweza kubadili sura ya tovuti nzima bila kugusa makala hata moja. Leseni ya GPL humruhusu yeyote kuitumia, kuirekebisha na kuisambaza.